Jedwali la Nyumba ya Susu

…na kidole cha susu, nyanya yangu, kimeshatua kwenye ukurasa, kimepinda kwa miaka ya jembe, kinangoja changu kikiongoze, mwiitu, nionyeshe mahali niko, anasema, na kwaya imeanza wimbo mwingine, mwili wa umau, babu yangu, bado haujafika kutoka mochari, kuna muda, muda mwingi sana wa kuaibika, maana susu hajui kusoma lakini anajua kwamba kitabu hiki cha mazishi ya mumewe kimetengenezwa na mjukuu wake, amemwambia kila aliyempa mkono tangu asubuhi, ni huyu wetu, Kavindu, yeye huandikia kompyuta maneno na kompyuta inafanya, nami nikiinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo, mpaka sasa hivi, kwenye kiti hiki cha plastiki, nilipofungua ukurasa wa familia na kuona jedwali la nyumba ya pili limekaa juu, Loise, mke wa pili, na watoto wake, na chini yake ndiyo susu, Kamanthe, mke wa kwanza, aliyeingia boma hili Loise akiwa bado ananyonya… limekaaje juu, nani ameliweka juu, mimi, nani mwingine, niliandika msimbo, weka jedwali mara tu baada ya kichwa FAMILIA, ikaingia nyumba ya kwanza, vizuri, kisha nikaiamuru nyumba ya pili iingie palepale, mara tu baada ya kichwa, nayo ikatii, ikaingia ikamsukuma susu chini, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na mimi nilikuwa nimekazana na upana, na kuyaweka majedwali katikati ya ukurasa, na unene wa mistari, kweli yamekaa katikati, yamenyooka, yanapendeza hata kutapika… na Mahad mwenye duka la kuchapisha pale Kithimani alinisihi, Kavindu, chapa moja kwanza tuiangalie, ndivyo sisi hufanya, nikamcheka mbele ya wateja wake, wewe Mahad ni wa kale, hii mashine haikosei, chapa zote, akachapa zote.

Aki hii kitabu imetoka safi, anasema shangazi Nthenya nyuma yangu, hata Nairobi hawana kama hii, asante shangazi, nasema, Mungu wangu, nimesema asante, na Nthenya ni binti ya Loise, bila shaka imetoka safi kwake, basi ameona, wote wameona, hema nzima ina kitabu mkononi na kila mtu anajua isipokuwa susu… na ni yeye aliyetaka majedwali, tulipotoka kumzika ndugu ya umau kule Masinga, ambako wake na watoto wote walirundikwa kwenye sentensi moja, hujui nani ni wa nani, alikasirika njia nzima, akaniambia, siku yetu ikifika kila nyumba uipatie mlango yake, unanisikia, nikasema hiyo ni kazi ndogo, susu, ndogo sana.

Mwiitu, sasa niko wapi, anasema susu… naweza kukiweka kidole chake hapo juu kabisa, uko hapa, wa kwanza, atatabasamu, atakitia kitabu kwenye kiondo chake na kwenda nacho nyumbani, hajui kusoma, hatajua, na wazo hilo limenipitia kichwani mimi, si mtu mwingine, nimelisikia likipita kwa sauti yangu mwenyewe, na hilo ndilo linaloniunguza kuliko jedwali… halafu Titus, mzee wa kanisa anayeongoza ibada, husoma kilichoandikwa wala haongezi neno, kaburini ataita nyumba zitupe mchanga kama zilivyo kitabuni, atamwita Loise, na susu atakuwa amesimama mbele ya ukoo mzima, mchanga umejaa mkononi, hajui kwa nini hajaitwa… basi nimnong'oneze Titus, abadilishe kwa kalamu, kimyakimya, susu asijue kamwe, nami nibaki mjukuu wa kompyuta, ndiyo, ujanja mzuri, wote hapa wamfiche susu, na mimi niwe wa kwanza kumficha.

Kwani umesahau kusoma, anasema susu, na anacheka kidogo, mara ya kwanza kucheka tangu umau afe, kwaya bado iko kwenye wimbo uleule, watu bado wanachungulia barabara, kitabu bado kiko magotini pake, nami ninakishika kidole chake, kina baridi, ninakipitisha kwa Loise bila kukisimamisha, ninakishusha, ninakishusha tena, uko hapa, susu, chini ya nyumba ya pili, na ni mimi nimekuweka huku.