Maharage ya Bernadine

Merle Tackett alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Bei ya mayai, mpaka wa kusini, kodi ya shule, watangazaji wa televisheni wenye meno meupe kupita kiasi, mbwa wa meya wa mji wake, Harlan Mills huko Ohio: hakuna aliyesalimika. Kwa miaka mingi alisoma bei za mahindi na nguruwe kwenye redio ya kaunti, na redio ilipomstaafisha, mdomo haukukubali kustaafu. Akafungua blogu, akaiita Barazani kwa Merle, na kila asubuhi alikaa mezani mbele ya dirisha la sebuleni, kahawa mkononi, akiieleza Amerika inakosea wapi.

Msimu wa uchaguzi ndio uliokuwa mavuno yake. Siku nyingine blogu ilisomwa na majirani na binamu zake wa Tennessee. Ikifika Oktoba, vibao vya wagombea vikichipua kama uyoga kwenye nyasi za watu, wasomaji walimiminika kutoka majimbo ambayo Merle hajawahi kuyakanyaga. Alipenda. Nani hapendi kuitikiwa?

Lakini kila alipoifungua kompyuta, kabla hajaandika neno, kulikuwa na kitu kinachomtazama. Juu ya ukurasa, mahali anapoona mwenye blogu peke yake, palikuwa na tarakimu ndogo nyekundu: moja. Maana yake kuna msomaji aliyetoa maoni, na maoni hayo yanangoja ruhusa ya Merle ndipo watu wayaone. Ya wengine aliyaruhusu kila siku, hata yenye matusi. Haya hakuyaruhusu, na hakuthubutu kuyafuta. Aliyeyaandika ni Bernadine Kessler, na Bernadine alikuwa amekufa.

Alikuwa jirani yao wa ng'ambo ya barabara. Ndiye aliyesimamia kituo cha kura katika chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wahudumu wa kituo hawatoki mpaka milango ifungwe, kwa hiyo kila mmoja huja na chakula cha kugawana, huyu mkate wa mahindi, yule pai ya maboga. Bernadine alileta maharage yake ya nyama na pilipili ndani ya sufuria ya umeme, ameifunga kwa taulo na kuitia kwenye boksi ili isimwagike garini. Uchaguzi uliopita, jioni, Merle alimwona akitoka mlango wa nyuma wa kanisa na boksi lile, amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Chama cha Merle kilikuwa kinashindwa, na yeye alikuwa na hasira. Akapiga picha, akaiweka kwenye blogu na maneno machache tu: "Ndani kuna nini, Bernadine?"

Hakutaja wizi wa kura. Baadaye alijiambia hivyo mara nyingi, kwamba yeye aliuliza tu, na kuuliza si ujinga.

Kulipokucha swali lake lilikuwa limesomwa na watu wengi kuliko wakazi wa kaunti nzima. Simu ya Bernadine ikaanza kulia, na waliompigia hawakuwa na maswali. Pikapu za watu wasiojulikana zikaja kusimama mbele ya nyumba yake, injini zinaunguruma, hakuna anayeshuka. Na kichekesho, kama kipo cha kuchekwa hapo, ni kwamba Bernadine alikuwa chama kimoja na Merle, na kibao cha mgombea yuleyule kilisimama uani kwake. Siku hizo ndipo alipoandika kwenye blogu: "Merle, ni maharage. Yamebaki kidogo. Vuka barabara uje ule." Merle aliyasoma. Wasomaji walikuwa wanamiminika kama hawajawahi kumiminika, na maneno yale yangeuzima moto wote. Akasema atayaruhusu kesho.

Bernadine akaacha kuwasha taa. Jua likizama nyumba yake ilikuwa giza tupu, ili wale wa kwenye pikapu wadhani hayupo. Majirani wakaizoea nyumba isiyo na taa. Kwa hiyo moyo wake uliposimama, katikati ya majira ya baridi, siku zilipita na hakuna aliyeshtuka, maana hapakuwa na kilichobadilika. Na dirisha lake la jikoni linatazamana ana kwa ana na dirisha analoandikia Merle.

Tangu hapo dirisha lile lilimwandama. Nyumba haikupata mnunuzi. Merle akaigeuza meza aipe mgongo barabara, na giza la ng'ambo likaja kukaa kwenye kioo cha kompyuta, nyuma ya bega lake. Akaweka pazia, ikawa mbaya zaidi, kwa kuwa sasa hakujua nyuma ya pazia kuna nini. Mara nyingine, yuko katikati ya sentensi kuhusu bei ya petroli, ilimjia harufu ya binzari na pilipili, akageuka kutazama jikoni, na jikoni hapakuwa na mtu. Alikuwa mtu mzima, na aliogopa kama mtoto, na hakumwambia yeyote.

Mkewe Verna hakuwahi kumlaumu hata kwa neno moja. Hilo nalo lilimtisha. Verna na Bernadine walikuwa wakipeana mbegu za nyanya na umbea kwa miaka mingi, na baada ya mazishi Verna alilitundika koti lake na kuanza kumenya viazi.

Kisha asubuhi moja ya Septemba, akiwa anamimina kahawa, alisema, "Nimejiandikisha kituoni."

"Kituo gani?"

"Cha petroli! Cha kura, Merle, cha kanisani. Wanatafuta watu mpaka wanachoka. Nani anaitaka tena kazi ile?"

"Hapana, mke wangu. Hapana."

"Hapana kwa nini? Nipe sababu." Akaweka birika chini, akakunja mikono. "Nipe basi, bwana. Niko hapa, nakusikiliza."

Merle, mtu mwenye maoni juu ya mbwa wa meya, akachukua kikombe chake akarudi mbele ya kompyuta.

Siku ya uchaguzi aliamka akaikuta harufu imejaa nyumba nzima, na safari hii haikuwa ya kuwaziwa. Sufuria ya umeme ilikuwa juu ya meza ya jikoni, ile yenye mpini uliofungwa waya. Aliitambua palepale.

"Hii umeitoa wapi?"

"Mpwa wa Bernadine aliniachia walipokuwa wanagawa vitu vyake. Nishikie hilo taulo."

Akalishika. Verna akaifunga sufuria, akaitia kwenye boksi, akavaa koti lake la kijani lenye kiraka cha kahawia kwenye kiwiko. "Mkate wa mahindi uko kwenye oveni," akasema mlangoni. "Maharage sikuachii. Hayatoshi." Na akaenda zake, jua halijachomoza.

Kabla ya saa sita mchana ujumbe uliingia kutoka kwa msomaji aliyejiita Tai wa Ohio, mwaminifu kuliko wote, asiyekosa hata siku moja. Ulikuwa na picha. Mwanamke kaonekana kwa mgongo, anaingia mlango wa nyuma wa kanisa, boksi kifuani. Chini Tai ameandika: "Mzee Merle, wameanza tena! Mlango uleule. Unaweka wewe au niweke mimi?"

Merle akaisogelea picha. Amerudi, akawaza, Bernadine amerudi kazini. Kwa muda aliamini hivyo kabisa. Ndipo akakiona kiraka cha kahawia kwenye kiwiko.

Akaandika haraka, "Usiweke. Ni chakula."

"Ndivyo wanavyotaka tuseme," Tai akajibu. Na alikuwa ameshaiweka. Watu walikuwa wanaisambaza tayari, na juu ya picha palikuwa na maneno ambayo Merle aliyajua herufi kwa herufi: Ndani kuna nini?

Hapo alifanya jambo ambalo alikuwa amelikwepa muda wote huo. Akaibonyeza ile moja nyekundu, akayaruhusu maneno ya Bernadine, kisha akayanakili na kuyaweka juu kabisa ya blogu ili asiwepo wa kusema hakuyaona. Chini yake akaandika: "Yalikuwa maharage. Ya leo pia ni maharage. Huyo kwenye picha ni mke wangu. Tafadhali, mwacheni."

Akangoja. Majibu hayakukawia.

"Wamekulipa ngapi, babu?"

"Blogu imetekwa hii. Merle ninayemjua haandiki hivi."

"Maiti walikuwa wanapiga kura, sasa wanaandika na maoni! Jamani nchi hii!"

Hilo la mwisho lilipata vicheko vingi. Merle akafunga kompyuta. Alikuwa amedhani kwamba siku atakayoyaruhusu maneno yale kifua kitakuwa chepesi, na kifua kilikuwa kizito vilevile. Akachukua funguo za gari.

Kwenye maegesho ya kanisa, nje kidogo ya zile bendera mbili ndogo ambazo mwenye kampeni haruhusiwi kuzivuka, alisimama mwanamume wa makamo mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, sandwichi mkono mmoja, simu mkono mwingine, akipiga picha kila anayeingia. Alipomwona Merle uso wake ukachanua.

"Mzee Merle! Siamini macho yangu! Mimi ndiye Tai." Akaiweka sandwichi juu ya gari lake, akajifuta vidole kwenye suruali, akampa mkono. "Wewe ndiye uliyenifungua macho, mzee wangu. Nilikuwa nimelala usingizi mimi."

Kiganja chake kilikuwa na joto, na mshiko wake ulikuwa wa mtu mwema. Hilo ndilo Merle hakulitegemea.

"Ile picha," Merle akasema. "Iondoe, mwanangu. Yule ni mke wangu. Nimelala kitanda kimoja naye tangu ujanani. Boksi lile nimesaidia kulifunga kwa mikono yangu hii."

Tai akamtazama. Merle aliona macho yake yanalainika, akadhani ameeleweka. Tai akamwekea mkono begani.

"Pole sana, mzee," akasema kwa sauti ya chini, ya msibani. "Kumbe hukujua kama mkeo naye yumo."

Merle akashuka ngazi mpaka chumba cha chini. Verna alikuwa nyuma ya meza, miwani puani, daftari la wapiga kura mbele yake. Merle akapanga foleni kama wengine mpaka zamu yake ikafika.

"Jina?"

"Verna, twende nyumbani."

"Jina lako na kitambulisho, bwana. Kuna watu nyuma yako."

"Merle Tackett," akasema, akatoa leseni ya udereva. Kisha kwa kunong'ona, "Wameweka picha yako."

"Nimeiona. Na mimi nina simu." Akalinganisha leseni na daftari taratibu, kama hajawahi kuuona uso ule. "Tia sahihi hapa. Siwezi kutoka, unajua. Na ningeweza, nisingetoka." Akampa karatasi ya kura. Vidole vyake vilikuwa baridi, na hapo Merle akajua kwamba anaogopa, kwamba ameogopa tangu Septemba, na amekuja hivyohivyo.

"Umekula?" Verna akauliza.

"Bado."

"Ukimaliza, nenda kule kwenye kona. Mwambie mama mwenye pai akupe bakuli."

Akapiga kura yake. Akaenda kwenye kona, akapewa bakuli, akala amesimama. Yalikuwa makali, na chumvi imezidi kidogo, kama yalivyokuwa siku zote enzi alipokuwa anavuka barabara bila kuitwa. Machozi yakamtoka, na mama mwenye pai alipomtazama akasingizia pilipili.

Jioni Verna alirudi na sufuria tupu. Taa za gari zilimfuata kutoka kanisani, na alipoingia ndani pikapu ikasimama mbele ya nyumba yao, injini inaunguruma. Punde ikaja nyingine nyuma yake. Simu ya mezani ikaanza kulia. Verna akaichomoa waya, akaenda jikoni kuosha sufuria.

Merle alisimama nyuma ya pazia. Akamtafuta sherifu kwa simu ya mkononi, akajibiwa kuwa kuegesha gari barabarani si kosa. Akanyoosha mkono kwenye swichi ya sebuleni.

"Nazima taa," akasema. "Watadhani hatupo."

Maji ya jikoni yakakoma. Verna akaja mpaka alipo, mikono ina povu, akauweka mkono wake juu ya wa Merle, palepale kwenye swichi.

"Ziache."

"Wanaona mpaka ndani, Verna."

"Na waone. Na majirani waone pia. Siku nikianguka humu ndani, nataka mtu ashtuke."

Merle aliushusha mkono, akaenda akaliondoa pazia, akawasha na taa ya baraza, kisha ya ngazini, kisha ya gereji, kila iliyokuwepo. Mwanga ukavuka barabara, ukafika mpaka kwenye dirisha la Bernadine, na ndani ya kioo kile cheusi Merle akaiona nyumba yake inawaka taa na wazee wawili wamesimama katikati.

Akatazama huku na huku mtaani, akitafuta nani anawaona. Kwenye nyumba ya kona watu walikuwa wanazitazama zile pikapu kwa woga, na taa ya sebuleni ikazimika. Ikafuata ya jirani yake. Kisha ya upande wa pili, na iliyo karibu nayo, nyumba kwa nyumba, mpaka barabara nzima ikawa giza, ikabaki yao peke yake.