Sahani ya Jirani

Gazeti lilitaja vyakula kumi vya kuonja katika mji wetu huu wa watu wa kila taifa. Cha kwanza kilikuwa cha jirani yangu, yule tunayemwita Mgeni, aliyefungua kibanda mwaka jana tu. Mimi ninayepika katika mtaa huu miaka kumi na minane, hata nafasi ya kumi sikuipata.

Roho iliniuma mpaka nikaunguza vitunguu. Foleni yake ilifika mlangoni kwangu, na bado watu wakathubutu kuniomba maji ya kunawa!

"Baba watoto," nikamwambia mume wangu, "hebu kaninunulie sahani moja nionje hizo sifa."

"Mimi tena? Chakula chenyewe hata harufu yake siijui," akanung'unika, akaenda akijikokota.

Nikachungulia dirishani. Mume wangu hakuwahi hata kufungua mdomo kuagiza. Mgeni alimwona kwa mbali, akachukua sahani, akacheka.

"Karibu, shemeji! Kama kawaida, bila pilipili?"

Na mimi miaka yote hiyo namjazia pilipili, naye anafuta machozi na kuniambia, "Tamu, mama watoto."