Legeza Ncha

Tangu mama azikwe, baba hakuwa amemwita binti yake Chiriku hata mara moja. Jina hilo alilibuni mwenyewe, kwa sababu mtoto yule alikuwa hafungi mdomo. Sasa Chiriku ni mtafiti katika maabara ya fizikia, na habari za baba yake anazipata kwa kuzungushwa: baba humwambia shangazi, shangazi humwambia mama mdogo, mama mdogo ndiye humwambia yeye. Wanawake hao wawili walihamia kwa mzee baada ya msiba, na walikuwa chanda na pete. Chiriku akienda kumwona baba, shangazi humjibia: "Kaka hajambo, amekula, mwache apumzike." Mama mdogo naye humdaka mlangoni. "Njoo ukae na mimi, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Utalalamikaje wakati watu wanakutendea wema? Chiriku alikuwa akirudi zake bila kuzungumza na baba, na hilo lilimuuma.

Kazini nako mambo yaligoma. Alikuwa na safu ya atomi, kila moja sumaku ndogo inayovutana na jirani yake. Alitaka ya kwanza na ya mwisho, ambazo hazigusani kabisa, zifungamane: ukiipima hii ukaikuta inaelekea juu, ile ya mbali uikute chini, kila mara. Kwa miezi alizikaza ncha zote mbili za safu, akizifunga kwa nguvu na jirani zao, maana nani asiyejua kuwa kamba iliyolegea haivuti kitu?

Asubuhi moja akayapitia upya matokeo, akajicheka. Atomi ya mwisho ilikuwa imebanwa na jirani yake mpaka nguvu zake zote zikaishia hapo hapo, haikubakiwa na chochote cha kuipa ile ya mbali. Akalegeza ncha, akaziacha za katikati zishikane zenyewe barabara. Akapima. Juu, chini. Chini, juu. Akachukua mkoba wake akatoka bila kuaga, moja kwa moja hadi kwa baba.

"Shangazi, mama mdogo," alisema alipofika, "leo kaeni sebuleni mpige soga. Chai tutapika mimi na baba."

"Baba yako hawezi kitu sasa hivi," alisema shangazi.

"Naomba, shangazi yangu."

Wakatazamana, kisha wakaenda, na muda si muda wakasikika wakimsengenya jirani.

Jikoni, Chiriku alisimama kwenye jiko, baba kwenye kabati. Hakumshika, hakumuuliza hali, ingawa ulimi ulimwasha. Maji yakaanza kuchemka. Baba akatoa vikombe, akavipanga mezani: vitatu. Cha tatu kilikuwa kile cha mama, chenye pengo, ambacho hakutaka mtu akiguse.

Chiriku akaangua kicheko. Papo hapo baba akaangua kilio.

"Angetufokea," alisema mzee, akijifuta kwa kiganja. "Angetufokea sote wawili, Chiriku."

Chiriku akakivuta kikombe chenye pengo, akakijaza chai, akamsogezea.