Karatasi Mbili Zisizo na Namba

Asubuhi ya mtihani wa jeshi, Kijiti alikuwa amepiga magoti sakafuni, ananyoosha shati la Jenerali kwa pasi huku akimuuliza maswali kwa mara ya mwisho.

"Mbili, sita, kumi na mbili, ishirini. Inayofuata?"

"Ishirini na moja," Jenerali alijibu, mdomo umejaa mkate. "Kwani we ukitoka ishirini unaenda wapi?"

"Kichwa jiwe! Unaongeza nne, unaongeza sita, unaongeza nane, sasa kumi. Thelathini."

"Haya, Mama Hesabu. Angalia usiniunguze kola."

Jenerali hakuwa jenerali wa chochote. Jina alipewa na mama yake angali anatambaa, likamganda. Kijiti naye aliitwa hivyo kwa wembamba wake. Alikuja kwa mjomba alipomaliza shule, afue, apike, amfundishe binamu yake Jenerali, mpaka jeshi litangaze nafasi. Mwaka huu zimetangazwa. Mwakani umri wake utakuwa umepita.

Mjomba akatoka chumbani na ovaroli lake. Alikuwa dereva wa boza linalopeleka maji kambini, na mtaani hilo peke yake lilimfanya mtu mzito. Akamwita Kijiti uani, kwenye kamba ya nguo. Tangu lini mjomba anamwita pembeni? Machale yakamcheza.

"Mwanangu, leo jaza majibu yote. Ila namba yako usiandike."

"Nisiandike? Si ndiyo wanayotutambulia, mjomba?"

"Utaandikiwa ofisini. Nimeshaongea na koplo msimamizi. Waliotengenezewa njia ndivyo wanavyofanya."

"Na Jenerali?"

"Naye haandiki." Mjomba akacheka, kicheko cha puani. "Mbona maswali mengi? Umekaa kwangu miaka yote hii, nimewahi kukulaza njaa?"

"Hapana, mjomba."

"Basi. Mtoto wa dada yangu ni wangu."

Akampapasa bega. Kijiti hakukumbuka kama aliwahi kumshika bega kabla ya siku hiyo.

Kwenye bwalo la kambi maswali yalikuwa mepesi mpaka akayatilia shaka. Alisoma kila moja mara mbili, akatafuta mtego, hakuuona. Alipomaliza, akabaki anavitazama vile visanduku vitupu vya namba. Akiandika, kamvunjia mjomba heshima, na leo atalala wapi? Asipoandika, karatasi yake ni kama mtoto wa kuokotwa, yeyote anaweza kusema ni wangu. Huko mbele Jenerali alikuwa ameegemea kiti, anatingisha mguu, penseli kaichomeka sikioni.

Kijiti akaandika. Kwa mkono mwepesi, lakini akaandika.

Koplo alikusanya karatasi mwenyewe. Alipofika kwake akaitazama, akatoa kifutio mfukoni mwa shati. Wala hakujificha. Akafuta namba yote, akapuliza, yale mavumbi yakamwangukia Kijiti mikononi.

"Nani kakwambia uandike?"

"Sasa afande, itajulikanaje ni yangu?"

"Yako?" Koplo akawageukia wa meza za jirani kama mtu aliyesikia kichekesho. "Hapa huna chako, dada. Hii ni mali ya jeshi. Au una malalamiko? Simama basi, uwaambie wenzako uliambiwa nini na nani."

Binti wa meza ya pili akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Kijiti hakusimama.

Nje, Jenerali akamkuta kwenye foleni ya bomba.

"Lile la mfululizo umejibu nini?" Kijiti akamuuliza.

"Lipi? Mi sijasoma hata moja. Nimerudisha nyeupe pee. Mzee kasema usiandike namba, usiandike jibu, ofisini watamaliza wenyewe. Si na wewe umeambiwa hivyohivyo?"

Kijiti akageuka kuutazama mlango wa bwalo.

"Si umeambiwa hivyo?" Sasa Jenerali hakuwa anacheka. "We Kijiti. Umeijaza?"

"Yote."

Jenerali akafungua bomba, akanawa uso, akaendelea kunawa muda mrefu kuliko uso ulivyohitaji.

Getini walirudishiwa simu, wakatolewa nje wote. Kijiti akasimama ukutani, akaandika, akafuta, akaandika tena: *Mjomba shikamoo. Karatasi iliyojazwa ni yangu mimi. Naomba umwambie koplo aandike namba yangu. Tafadhali mjomba.*

Ujumbe ukaenda. Ukafika. Ukasomwa.

Hazijapita dakika nyingi boza likaja, simu iko kwenye dashibodi inawaka. Askari wa geti akainua kizuizi bila kuuliza neno. Mjomba alitazama mbele, mbele kabisa, kama barabara ile ina kona kali. Boza likayapita matangi ya maji, likaenda kusimama mlangoni mwa ofisi.

Kijiti akaangalia simu. Hakuna kitu. Akaizima, akaiwasha.

"We binti, rudi nyuma," askari alisema, akishusha kizuizi. "Unaziba njia."