Gari la Riyadh, Maji ya Jidda

Kaka yangu Soud alisema mwanamke hawezi kununua gari kuukuu asiibiwe. Alisema mbele ya mama, mdomo umejaa sambusa, na mie nikamwambia ameze kwanza ndo anitukane vizuri.

Mie ni mkunga. Nimezalisha hapa Jidda tangu nimalize masomo, na mwaka huu nimepata kazi Kanada, kaskazini huko, kwenye kituo kidogo ambacho mkunga wake lazima afike vijijini kwa gari lake mwenyewe, theluji ianguke isianguke. Bila gari la kuaminika kazi anapewa mwingine, na mie nabaki hapa Soud akiniuliza natoka wapi na narudi saa ngapi. Nilishawahi kuwa na mume, tukaachana. Sikuwa na haja ya mume mwingine aliye kaka yangu.

Eddah, Mkenya niliyefanya naye kazi wodi moja, ndiye aliyenitangulia huko. Akanambia nisithubutu kununua gari kuukuu la kwao, yote yameoza chini, na jipya ni la wenye uwezo. Nitafute Land Cruiser ya zamani Riyadh, kwenye ukavu, Kanada wanaliruhusu gari la nje likishapita miaka kumi na tano. Riyadh, si Jidda. Kwetu hapa hewa yenyewe ina chumvi, gari likilala nje linaanza kutoboka milango mwenyewe umelala.

"Gari la jangwani litaijua wapi baridi?" Soud akauliza.

"Na mie nnaijua wapi? Tutajifunza pamoja."

Mama, Bi Mwanakhamis, aliinamia ungo wake. Alikuwa akichambua mchele, na akaendelea kuuchambua hata ulipokwisha takata.

Riyadh alinipokea Nehemiah, ndugu yake Eddah, dereva wa nyumba moja mtaa wa Malaz. Akanipeleka kwenye uwanja wa magari. Muuzaji alimwonyesha Nehemiah injini, akamwonyesha Nehemiah viti, akamsifia Nehemiah matairi. Mie nikatandika gazeti chini, nikajilaza na abaya langu na kuingia uvunguni. Chini kote kulikuwa kweusi kunang'ara. Gari la umri ule haling'ari chini hata likiombewa dua. Nikakwangua kwa ufunguo wa nyumba, rangi ikabanduka, na kutu ikanimwagikia usoni.

"Mwambie mwanamke huyu atoke chini ya gari langu," muuzaji akamwambia Nehemiah kwa Kiarabu.

Nehemiah akainua mikono. "Mimi ni dereva tu, bosi. Mnunuzi ndiye huyo unamkanyagia gazeti."

Nilitoka nikiwa mwekundu nywele na kope. Nikamuuliza yule bwana rangi aliipaka jana au leo asubuhi. Akanigeuzia mgongo. Uwanja wa pili ikawa hivyo hivyo, na wa tatu hawakuniruhusu hata kuinama. Nilikuwa nimeshachoka na nimeshakasirika, na hasira ndiyo iliyokuwa ikinitembeza.

Jioni Nehemiah akazima gari, akajikuna kidevu. "Dada Safa, wacha nikuambie ukweli. Ile gari unatafuta iko kwa madam wangu. Mzee wake aliaga dunia, na hakuna mtu anaiendesha. Nilikuwa naogopa kusema, asije akadhani nauzia watu mali yake."

"Na siku nzima umenizungusha?"

"Nilikuwa nakuangalia kama uko serious."

Nilitaka kumtukana, nikacheka.

Land Cruiser ile ilikuwa ya rangi ya maziwa, imefunikwa turubai uani. Niliinua mazulia, nikapitisha mkono kwenye matao ya magurudumu, nikagonga chesisi, uti wa mgongo wa gari, kwa bisibisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kilinijibu kila mahali. Kulikuwa na vumbi tu, vumbi kavu la Riyadh, na chini yake rangi ya kiwandani. Madam, mama wa makamo aliyevaa miwani, alinisimamia muda wote. Nilipotoka uvunguni akaniuliza nani ataliendesha.

"Mie."

"Mpaka Jidda? Peke yako?"

"Peke yangu."

Akapapasa mlango wa gari. "Mimi hili sikuwahi kupewa ufunguo wake," akasema, na tukakubaliana pale pale.

Nililiendesha mpaka nyumbani. Soud alipiga simu njia nzima na njia nzima sikupokea. Nilipofika, mama alilizunguka gari akiligusa kwa vidole, akasema mashaallah, akaingia ndani. Bandari ilikuwa imenipa siku ya kulipakia melini, wiki ile ile. Nikaacha ufunguo mezani, asubuhi nikaenda zamu yangu.

Niliporudi nilinusa bahari kabla sijaona. Gari lilikuwa linachuruzika. Mchanga mpaka kwenye bawaba, mwani umeshika kwenye springi, na pale palipokauka pameanza kuwa peupe. Soud alikuwa amekaa kizingitini, suruali imekunjwa magotini.

"Mama kasema gari lina husda," akasema. "Watu wamelitazama sana. Kasema lioge maji ya bahari. Nimelitia baharini mpaka maji yakafika kwenye milango, na ndani ya boneti nimemwagia kwa ndoo."

"Na ndani ya boneti?"

"Kasema mama."

Sikupoteza maneno kwake. Mama alikuwa jikoni, mbele ya jiko lisilo na moto.

"Mama, umeliogesha kwa husda?"

Angeweza kusema ndiyo. Ningemwamini, maana mie mwenyewe nimeogeshwa maji ya bahari nilipokuwa mdogo. Lakini mama hasemi uongo ukimtazama machoni.

"Nyumba yetu Unguja ilitazama bahari," akasema. "Nondo za madirisha zilikuwa zikimomonyoka mkononi. Najua chumvi inafanya nini kwa chuma. Nilitaka lioze."

Nililia. Sikulia kwa upole, nililia kwa hasira, na nikamwambia nina hasira.

"Baba yangu alitutoa kule mwaka sitini na nne, wakati wa mapinduzi, akamwambia bibi yako atarudi kumchukua," mama akasema. "Mie nilikuwa mtoto, nimeshika kanzu yake. Bibi yako tulimwacha mlangoni. Sikumwona tena. Sasa wewe waniambia utarudi likizo."

"Nitarudi."

"Na baba alisema hivyo hivyo."

Nikafuta uso. "Mama, nisikilize. Eddah kaniambia magari ya kwao yanaoza kwa nini. Barabarani wanamwaga chumvi. Wanaimwaga wenyewe, kwa malori, msimu wote wa theluji, ili barafu iyayuke. Hili gari nilikuwa nalipeleka kwenye chumvi tangu mwanzo. Nililitafuta zima ili liwe na kitu cha kuliwa. Wewe umelionjesha mapema tu, hujanizuia."

Mama akajifuta mikono kwenye kanga.

"Basi nimefanya kazi bure."

"Bure kabisa."

Nikatoka. Nikabadili nguo, nikavuta mpira wa maji mpaka uani, nikajilaza kwenye matope chini ya gari langu. Soud akasema haitasaidia, chumvi imeshaingia. Nikamwambia kama hana la kufanya alete jeki, na akaenda kuleta jeki. Niliosha chesisi, nikaosha matao, nikaingiza mpira kila tundu lililonikubalia. Maji yakanirudi puani na machoni. Halafu yakakatika.

Nikajua nani kasimama bombani. Niliziona ndala zake.

"Siku ya bandari sitakuja," mama akasema. "Usije ukanitafuta kwa macho pale."

"Usije. Gari litapakiwa."

"Na radhi sijakupa."

"Radhi nitaiomba kwa magoti siku ya kuondoka, na ukininyima nitaondoka nikiilia njia nzima. Lakini nitaondoka, mama. Sasa nataka maji."

Ndala hazikusogea. Nikangoja, mpira mkononi, matope yanapoa mgongoni. Halafu nikasikia bomba linazungushwa, na maji yakaja kwa nguvu kuliko mwanzo.