Sema Kitu, Nisikie

"Sema kitu, dada, nisikie," nesi alikuwa akimwambia dada yangu kila asubuhi kwenye dirisha dogo la kliniki. Ndiyo ilikuwa sheria yao: ukishakunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, lazima uongee, ijulikane umemeza, hukuificha shavuni ukaiuze nje. Wengine walitaja majina yao. Dada yangu alitania. "Nesi, aliyekushonea hilo gauni alikuwa amefumba macho?" Foleni nzima ilicheka.

Dada alikuwa fundi cherehani, mimi mpiga pasi wake. Unga alikuwa ameuacha. Sindano za kuchangia zilimwachia virusi vya UKIMWI, lakini methadoni ilimrudisha kwenye cherehani, na mama akaanza tena kumwita "mwanangu" mbele za watu.

Kisha akaanzishiwa dawa za virusi. Haikuchukua muda, arosto ya mtu aliyekosa unga ikarudi: miayo, makamasi, jasho, mifupa kuuma kama imetwangwa. Mama alimtazama mara moja tu. "Amerudia," alisema, akaanza kutembea na funguo zote kiunoni, asije akaibiwa.

Mchana mmoja, nikinyoosha kola, nilisikia cherehani imebadilisha mlio. Sindano ilikuwa imepita katikati ya kidole cha dada. Yeye alikikodolea macho tu, utadhani ni cha mtu mwingine.

"Dada! Kidole!"

"Nakiona," alisema polepole. "Wala hakiumi."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilizungusha gurudumu, nikakitoa kidole, nikakifunga kwa kipande cha bitana. Akanieleza yote huku damu ikilowesha kitambaa. Tangu aanze dawa za virusi, methadoni ilikuwa haimfikishi jioni. Unga hakutaka kuugusa tena, wala sindano. Basi akawa ananunua vidonge vya maumivu vichochoroni, kama wenzake wengi siku hizo. Na sasa alikuwa anafikiria kuziacha dawa za virusi.

"Waambie kliniki."

"Wakijua nameza vidonge watanifukuza. Nitakwenda wapi, mdogo wangu?"

Kesho yake nilimsindikiza. Alikunywa, akafunga mdomo.

"Sema kitu," nesi alisema. "Dada, sema, au nimwite mlinzi."

Nyuma yetu watu wakaanza kunung'unika. Nilimshika kiwiko.

"Nameza vidonge vya mtaani," dada alisema. "Dawa yenu moja inaila nyingine. Naumwa."

Nesi alibaki na kikombe mkononi. "Mbona siku zote hizi hukusema?"

"Kila siku mnaniambia niseme. Mnachosikiliza ni kama nimemeza."

Hakuna aliyecheka. Nesi alitoka kwa mlango wa pembeni, akamshika dada mkono ulio mzima, akampeleka kwa daktari. Hakufukuzwa. Daktari alisema jambo hilo linajulikana: dawa za virusi huipunguza methadoni nguvu, nayo huongezwa kidogo kidogo mpaka ikae sawa. Alilisema kirahisi, kama mtu anayemwambia fundi apunguze suruali. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia kwa hasira.

Kidole kile mpaka leo hakikunjiki vizuri. Dada bado anashona, na dirishani bado anatania. Mama alizirudisha funguo kwenye msumari wake. Na asubuhi, dada anapotoka kwenda kliniki, husimama mlangoni na kumuuliza, "Umeamkaje?" Dada akijibu "salama" tu, mama habanduki.