Hodi Kwa Ngasu

Hilari wa Mofu alikuwa mwongo wa kujitegemea, hakuhitaji msaada wa mtu. Kwa miaka aliwaambia watu kwamba bwawa la Kwa Ngasu lilifunguliwa na babu yake, mtu wa kwanza kutega humo, na kwa kusema hivyo mara nyingi akaishia kuamini mwenyewe.

Bahati mbaya alikuwapo Raimundi. Huyu alikuwa ameshuka na ukoo wake kutoka Mahenge, rozari shingoni na majigambo mdomoni, naye akadai babu yake ndiye aliyelifungua. Jumbe Pantaleo alichoka kuwasikiliza. Akatamka kuwa bwawa litakuwa la ukoo wa aliyelifungua, na atakayeshindwa aondoe migono yake ya kutegea samaki, asirudi tena. Kwa Hilari hilo halikuwa jambo la mzaha. Kiangazi, mto Kilombero unapopungua, kambale wote wa upande ule hubaki humo bwawani. Kushindwa maana yake ni kula mlenda mpaka kufa, huku mkewe Digna akimkumbusha kila siku ni kosa la nani. Aliogopa kweli.

Jumbe hakutaka mashahidi, maana kila shahidi alikuwa shemeji ya mtu. Alitaka kuona kwa macho yake. Desturi ya wavuvi wa pale ni kwamba mgeni hashushi mgono majini kabla ya kumwita mwenye bwawa kwa jina lake na kupiga hodi. Mwenyewe hapigi hodi, nani hubisha nyumbani kwake? Basi wiki nzima Hilari alijizoeza kushusha mgono mdomo ukiwa umefungwa. Digna alisema hajapata wiki nzuri kama ile tangu aolewe.

Siku ikafika. Wakapanda mtumbwi mmoja, Raimundi mbele, jumbe katikati na kofia yake ya serikali, Hilari nyuma. Raimundi akashusha mgono wake kimya. Hilari naye akashusha wake kimya, jasho likimtiririka. Ikaonekana watarudi walivyokuja.

Hapo kiboko akaibuka ubavuni mwa mtumbwi, akapuliza maji hadi yakawalowesha.

"Hodi, mzee Ngasu," Hilari akajikuta anasema. "Sisi wageni wako, tupishe salama."

Alijua amekwisha. Lakini kule mbele Raimundi alikuwa anasema maneno yaleyale, kwa haraka zaidi, na kumalizia kwa ishara ya msalaba. Katikati yao jumbe alikuwa amevua kofia na kuinamisha kichwa, naye anaomba hodi. Kiboko akazama zake.

Kila mtu akabaki anatazama maji.

"Haya," jumbe akasema akivaa kofia. "Ngasu ni wa ukoo gani?"

Hakuna aliyejua. Wandamba wa kina Hilari hawana jina hilo, Wapogoro wa kina Raimundi hawana, na padre hajapata kumbatiza mtoto kwa jina hilo. Hilari akawaza majina ya mahali pengine kule bondeni anapopita kila siku, Kwa Mbeswa, Kwa Lukosi, aliyoyataja tangu utoto kana kwamba yaliota yenyewe pamoja na matete. Kumbe kila mahali pana mwenyewe, na mwenyewe hayupo.

"Wote wageni," jumbe akakata shauri. "Tegeni wote. Na hodi mpige kwa sauti ya kusikika."

Hilari alirudi nyumbani anapiga mluzi, maana nusu ya bwawa ni bora kuliko mlenda. Digna akampakulia wali na kambale mnono, akakaa kumsikiliza akisimulia, na kwa kawaida ya Hilari kiboko alikuwa ameshaongezeka ukubwa.

"Na huyo Ngasu," Digna akauliza, "alikwenda wapi?"

"Babu alisema alihama."

"Akaacha bwawa limejaa samaki?"

"Ndivyo alivyosema babu."

"Alihama na watu wake wote, asibaki hata mmoja wa kutuambia yeye alikuwa nani?"

Hilari alimfahamu babu yake vizuri. Uongo wake wote aliurithi kwake. Akalirudisha tonge sahanini, akanawa mikono.